Mota Iliyokula Sindano

Nyumbani kwetu hakuna anayekunywa maji ya glasi aliyoikuta mezani kabla ya kuiinua kwenye mwanga na kuyachungulia. Wageni hudhani tunaogopa kulogwa. Tunaogopa kaboni.

Anayeshindana kwa magari ya rimoti ya zamani anaijua shida yenyewe. Komyuteta ya mota, ile sehemu ya rota inayopokea umeme, ni mviringo; kaboni mpya, kile kipande kinachoigusa kuipa umeme, uso wake ni karibu bapa, kwa hiyo zinagusana kidogo tu, na zikigusana kidogo cheche zinaruka. Dawa waliyoturithisha wakongwe ni kuitumbukiza mota nzima kwenye glasi ya maji, kuipa volti 2 au 3, na kuiacha izunguke humo. Maji yanaipooza na kubeba vumbi. Baada ya dakika chache kaboni imekwishachongeka ikashika umbo la komyuteta, na maji yamekuwa meusi kama kahawa chungu.

Bahati mbaya shangazi yangu ametoka Tanga, na kahawa chungu ndiyo anywayo. Alikuja kututembelea huku Uingereza wakati wa baridi, akaikuta glasi juu ya kabati la jikoni, mota nimeshaiopoa. Akapiga funda moja.

“Mwanangu,” akaniambia, “kahawa ya Wazungu imepoa na ina mchanga.”

Mke wangu alitoka jikoni mbio. Hadi leo sijui kama alikwenda kucheka au kulia.

Niseme kidogo kuhusu mchezo wenyewe. Jumapili tunashindana katika ukumbi wa michezo wa shule, watu wazima wenye ndevu na mikopo ya nyumba, kila mmoja na kibegi cha bisibisi. Wengi wana mota za kisasa zisizo na kaboni. Ukishainunua umemaliza, ikiharibika unaitupa. Siwasemi vibaya, lakini mtu asiyewahi kuifungua mota yake ataongea nini wakati wa chai? Mimi nipo katika kundi la magari ya zamani. Langu ni Tamiya Hornet, toleo la mwaka 1984, na mota yake ni ya ukubwa tunaouita 540, yenye kopo la kipenyo cha milimita 36. Ndani mna sumaku mbili na rota ya mikono mitatu iliyosukwa kwa waya wa kopa.

Hapo kwenye kusuka ndipo ujanja ulipo. Mota ya kawaida ina mizunguko 27 ya waya kwenye kila mkono. Ukipunguza ikawa 12 ya waya mnene zaidi, gari linapaa. Linakula umeme nalo, na betri ya volti 7.2 inatakiwa ifike dakika ya 5, mbio zinapokwisha. Gari langu limewahi kuongoza kwa fahari hadi dakika ya 4, likasimama katikati ya njia, likapitwa na kila mtu, pamoja na mzee mmoja anayeendesha polepole ili asikwangue rangi.

Ipo pia taimingi. Unalegeza skrubu, unakizungusha kidogo kifuniko cha nyuma chenye kaboni, na mota inaongeza kasi. Inaongeza joto na cheche pia, na kurudi nyuma inaanza kukataa. Ili nisipoteze kipimo niliweka alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, ile ya harusi. Habari hiyo tuiache hapo.

Cheche nazo zina fitina ya peke yake. Rimoti yangu ni ya masafa ya megahezi 27, na vile vikapasita vidogo vinavyolehemiwa kwenye mota ndivyo vinavyozuia cheche zisivuruge mawimbi. Siku moja kimoja kilibanduka mbio zikiendelea. Gari likaacha kunisikiliza, likatoka njiani, likaenda chini ya meza ya sandwichi na kumgonga kifundoni mama aliyekuwa akimimina chai.

Lakini kubwa kuliko yote ni la sindano. Shangazi hushona kofia za mkono, na sindano zake anazitunza kwenye kopo la biskuti. Zikaanza kupotea. Akatazamwa mtoto, akatazamwa paka wa jirani, ikasomwa dua. Wakati huohuo kopo la mota yangu lilikuwa wazi mezani, sumaku zake mbili zimekaa kimya, zinangoja wapitao. Sindano zikajilaza kwenye mwanya baina ya sumaku, pasipoonekana. Nikarudisha rota, nikafunga, nikaunganisha betri.

Mlio wake siwezi kuuandika. Sindano moja ilihama ikaingia kwenye rota, ikakwangua vanishi ya waya, nyaya zikagusana, moshi ukapanda, king'ora cha moshi kikalia. Shangazi akapanda kwenye kiti akawa anakipepea kwa khanga huku akikiamuru kinyamaze, kwa jina la Mungu.

Kilipotulia, tukaifungua mota. Akazichukua sindano zake moja moja, akazihesabu, kisha akainua kaboni kwa kidole.

“Kumbe ni kaboni! Cherehani yangu ya umeme inazo hizi hizi.” Akaibonyeza springi inayoisukuma kaboni. “Hii imelegea. Springi ikilegea, cheche. Ikikaza mno, kaboni inaliwa. Fundi wa Ngamiani kanifundisha, na wewe na usomi wako wote hujui?”

Tulisuka rota upya, tukaweka springi mpya, na Jumapili nikaenda naye ukumbini. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, macho kafumba, akisikiliza mota zikipita. Gari likafika dakika ya 5 likiwa hai, nikawa wa pili. Mbele yangu alikuwa yuleyule mzee wa rangi, ambaye habari za shangazi zilikuwa zimemfikia. Akaja na gari lake kwa adabu, akaomba shangazi amsikilizie mota.

Shangazi akasogeza sikio, akasikiliza kwa muda mrefu.

“Mwambie ni nzima kabisa,” akaniambia, akimtabasamia mzee wa watu. “Springi zimemwishia. Akae nazo.”