Hiki Kikapu cha Nani?

Keti kidogo, mama. Najua cherehani inakusubiri na mteja wa gauni la kipaimara ameshapiga simu mara tatu tangu asubuhi, lakini ninayotaka kusema yanamhusu hata yeye.

Kila msimu wa mavuno magunia yakipakiwa pale Madibira, bonde la Usangu, kuna jambo linanichoma. Mpunga huu umenyweshwa maji ya Mto Ndembera, kwenye skimu ya karibu hekta 3,000, na akina mama wamekunja migongo kuupandikiza mche kwa mche. Ukifika Dar es Salaam, muuzaji anachomeka kibao juu ya lundo: "Mbeya". Mwingine anachomeka "Kyela". Madibira haipo. Wali unanukia, shukrani anapokea mwingine.

Na kazi za mikono yenu husafiri hivyo hivyo. Vitambaa vya kufuma, batiki, vikapu vya milulu vinapanda basi la Mafinga bila jina la aliyevitengeneza. Konda ananyanyua kikapu na kuuliza kwa sauti, "Hiki kikapu cha nani?" Aliyekinunua anajibu, "Changu!" Safari inaendelea.

Basi tuhesabu mambo tisa kurudi nyuma, kama konda anavyohesabu viti vilivyobaki. Likikugusa moja, lichukue. Likimgusa shoga yako, mpelekee bila kumtaja.

9. Jina la duka liingie mdomoni kwa mkupuo mmoja

Umeandika ukutani: "Mama Junior Fashion, Saluni, Vifaa vya Shule, Keki na Huduma za Fedha". Mteja akiulizwa alikonunua, inabidi avute pumzi katikati. Nairobi, mwaka 1975, Susan Wood alianza kutengeneza shanga za udongo pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Kazi yao ikaitwa Kazuri. Silabi tatu, Kiswahili kitupu, na sifa ya bidhaa imo humo humo ndani. Karakana ikakua hadi kuajiri mamia ya wanawake. Wewe una mto mzima unapita kwenu, unaitwa Ndembera, na bado unataka duka liitwe "Paris"?

8. Picha

Saa kumi na moja jioni jua la Usangu ni zuri kuliko taa yoyote ya studio, na halidai senti. Toka nje. Tandika kanga safi. Ondoa ndoo, ondoa kuku, ondoa mguu wa mtoto. Mguu ni mzuri, Mungu amlinde, ila hauuzwi.

7. Simulia kazi yako ilikotoka

Iringa mjini, mwaka 2003, kilianza kituo kinachoitwa Neema Crafts, cha mafundi wenye ulemavu, chini ya Kanisa la Anglikana. Moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ndiyo, mama, kinyesi. Wakakisafisha, wakakigeuza karatasi, wakatengeneza kadi, wakawaeleza wageni wazi kabisa kimetoka kwa nani, na wageni wakafungua pochi. Sasa nieleze tena kwamba vitambaa vyako vya kudarizi havina soko.

Watu walinunua karatasi, na wakanunua habari ya mikono iliyokuwa haijapewa nafasi. Una habari kama hiyo. Ulifundishwa kufuma na bibi aliyetumia spoku ya baiskeli. Rangi ya batiki yako ulijaribu mara kadhaa mpaka ikafanana na shamba la mpunga linapoanza kugeuka njano. Yaandike mawili matatu kwenye karatasi na kuyabandika kwenye bidhaa.

6. Chagua alama moja, ushikamane nayo

Ichukue kanga yako kabatini. Ina pindo, ina mji, ina jina. Ukikuta imeandikwa pia "Mali ya Abdulla", unajua imetoka kwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887. Mitindo imepita mingi, maneno yamebadilika kila msimu, na yale maneno matatu yamebaki pale pale. Bibi asiyejua kusoma aliweza kuyanyooshea kidole dukani.

Wewe mwezi wa tatu nembo yako ilikuwa ua, mwezi wa tano kipepeo, sasa nasikia ni simba. Mteja anakutafuta, mama, mwache akupate! Hata uzi wa rangi moja kwenye pindo la kila gauni unatosha, mradi usiuhamishe.

5. Bei

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo ninapowaona wanawake hodari wakijiumiza.

Mteja anashika kikapu, anakigeuza, anauliza bei. Unataja elfu ishirini, na kabla hajafumbua mdomo unaongeza, "Lakini tunaongea." Mama! Nani amekuuliza?

Milulu haioti dukani. Kuna siku ya kwenda kuikata bondeni, siku za kuianika, siku ya kuitia rangi, na siku nyingi za kusuka huku unakoroga uji na kusimamia masomo ya nyumbani. Chukua daftari uandike siku hizo zote. Kisha zizidishe kwa ujira anaolipwa kibarua wa kupalilia mpunga kwa siku, maana ndiyo pesa ungeipata kama ungeacha kikapu ukaenda shambani. Ongeza rangi, ongeza nauli. Ukimaliza hesabu hiyo utaona kwamba kwa miaka kadhaa umekuwa ukimlipa mteja ili achukue kikapu chako.

Halafu kuna bei ya undugu. Shangazi ana bei yake, wifi ana bei yake, mwanakwaya mwenzako anataka ya sopurano. Sikushauri uwakatalie, kwani ndio watakaokupikia siku ya msiba. Andika tu kila punguzo pembeni mwa daftari, ujue umetoa zawadi, na mwisho wa mwezi uone familia imevaa kiasi gani.

Na mkopo wa mpaka mavuno. Huku kwetu mshahara wa nyumba nyingi hutoka mara moja, mpunga ukishakobolewa. Gauni lililochukuliwa Januari likilipwa Juni, umemkopesha mtu karibu nusu mwaka, na dukani wewe ulinunua kitambaa taslimu. Bila mkopo wa mavuno, Pasaka nzima tungevaa nguo za mwaka jana, nalijua hilo. Lakini kitambaa kilipwe leo, ufundi ndio usubiri mpunga. Mwambie hivyo ukitabasamu, na usiangalie chini.

4. Fundi wa mtaa wa pili si adui yako

Mwenye cherehani karibu yako ndiye atakayekuazima sindano yako ikivunjika saa tatu usiku, harusi ikiwa kesho. Tena mlango mmoja wa fedha unafunguka kwa wanaokwenda pamoja: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana, 2 vya watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Undeni kikundi, muulizie utaratibu wa sasa kwenye ofisi za halmashauri, Rujewa. Ila tafadhalini, msimalize mwezi wa kwanza mkigombania uenyekiti na wa pili mkichagua rangi ya sare.

3. Leo kama jana

Shuka mpaka Ziwa Nyasa, upande wa Kyela. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu kwa mikono, bila gurudumu, kisha vyungu husafirishwa kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo, karibu na Matema. Havina karatasi ya jina wala namba ya simu. Lakini mama wa Mbeya anayejua vyungu akikiona kimoja kwenye lundo anasema bila kusita, "Hiki cha Kikisi." Umbo limemwambia. Mama amemfundisha binti, binti amemfundisha mwanawe, na hakuna aliyeamua kulipua kazi kwa sababu siku ya gulio imekaribia.

Nikirudi kwako mpika keki, mpenzi wangu: keki ya kwanza ilisifiwa ukumbi mzima. Ya pili ilikuwa nzuri. Ya tatu bwana harusi aliomba msumeno. Watu wanaomba keki ile waliyoila kwa jirani, hiyo hiyo, na wakipewa nyingine wanajiona wamedanganywa hata kama hawakuambii. Kwa hiyo chagua kikombe kimoja cha kupimia unga na ukifiche, watoto wasikipeleke kisimani. Andika kipimo, andika dakika, andika mkaa kiasi gani juu na kiasi gani chini. Mshonaji naye aandike vipimo vya kila mteja na tarehe, maana mwili wa Januari na mwili wa baada ya mavuno ni watu wawili.

2. Fungua mdomo

Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike katika familia ya wafinyanzi. Wakamwita Mtumwa. Alipokua alitembeza vyungu akaviuza mjini, na alikuwa akiimba njiani ili watu wajue vyungu vinapita. Fikiria hilo. Hakuwa na duka wala kibao. Sauti yake ilifika mlangoni kabla yake, na mwenye nyumba akawa ameshatoka nje. Baadaye akaitwa Siti, na kwa jina la Siti binti Saad akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Wewe siku ya gulio umepanga batiki nzuri kuliko zote, halafu umejifunika kanga hadi puani kama uliyekuja kuhani msiba. Mpita njia anaogopa hata kuuliza bei. Simama, mama! Msalimie. Mwambie rangi hii haichuji, iguse, nimeifua mara kumi. Kama koo halijazoea, anza na watoto wanaopita kununua maandazi. Ikifika saa nne litakuwa limefunguka.

1. Jina lako likae juu ya kazi yako

Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili kama alama yake ya biashara neno "kikoy", kikoi hiki hiki cha pwani yetu. Wakenya na rafiki zao wakapinga, na ombi likafa. Ukitaka kujua thamani ya jina, tazama jinsi mtu wa mbali alivyokuwa tayari kulilipia ada.

Huku Tanzania Bara mlango ni BRELA. Kusajili jina la biashara ni kazi moja, kusajili alama ya biashara ni kazi nyingine, na wengi hufanya ya kwanza wakadhani wamemaliza zote mbili. Alama hulindwa kwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Kazi ikianza kutafutwa mbali, usichelewe.

Lakini kuna hatua inayotangulia makaratasi yote, na inaweza kufanyika jioni hii hii. Kata vipande vya kitambaa cheupe, upana wa vidole viwili. Darizi jina lako. Chini yake darizi Madibira, herufi zote, usifupishe na usiandike Mbeya. Andika namba ya simu kwa kalamu isiyofutika. Shona kipande kimoja ndani ya kila kikapu, kila gauni, kila kitambaa cha meza, hata vile vya shangazi.

Kesho alfajiri basi la Mafinga litajaa kama kawaida. Konda atanyanyua kikapu na kuuliza cha nani. Mwenyewe atasema chake, naye konda, kwa kuwa mdomo wa kile kikapu umekaa wazi na macho yake hayatulii, atasoma kwa sauti kilichoshonwa ndani. Na kutoka kiti cha nyuma kabisa mama mmoja atauliza, "Huyo ndiye nani? Nisomee na namba."