Heko, Mkono Ulionyooshwa

Viboko wa Mto Katuma wana watu wa kuwasifu, tena wanatoka mbali wakiwa na kamera zao. Mkono ulionyooshwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji hauna mtetezi. Basi leo naubebea bango, hasa siku ajenda ni kisima kichimbwe wapi.

Mtaalamu wa maji akija, hupigilia vigingi vya chuma ardhini kwa mstari, huunganisha nyaya kwenye betri, husoma namba, husogeza vigingi, husoma tena. Jua linazama, naye anasema eti tujaribu hapa. Miamba ya huku kwetu Katavi ni mikongwe na migumu, maji yamejificha kwenye nyufa, na nyufa haziweki kibao. Mkono hauna haja ya betri. Mwenyekiti anauliza, "Wanaoafiki kisima kiwe kitongoji cha juu?" Mtendaji anahesabu kwa ncha ya kalamu, anarudia kwa sababu kuna mama alikuwa anafukuza nzi, na dakika tano hazijaisha maji yameshapatikana. Yamo kwenye muhtasari.

Tena mkono una adabu. Mwamba haujali kwamba wa bondeni walipata zahanati na sasa ni zamu ya wa juu. Mkono unajua zamu.

Wabishi husema kura ni ya kuamua tunataka nini, si bomba liwe nene kiasi gani. Watakutajia Wilaya ya Tanganyika, ambako vijiji vinavyonufaika na biashara ya hewa ukaa ya misitu yao hukaa kikao na kuamua fedha zijenge nini, madarasa au zahanati. Sawa, hapo mkono uko kwao. Ila kuunyima bomba ni choyo. Bomba jembamba ni bei rahisi, hushinda kwa shangwe, na kaya za mwisho wa mstari, ambako maji yatafika yakidondoka, nazo zilishangilia.

Anayetaka tuwaachie wapangaji peke yao aikumbuke reli ya Kaliua hadi Mpanda. Wakoloni waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi, na hakuna mwanakijiji aliyenyoosha mkono. Hesabu zilikuwa safi kabisa. Mgodi ulishafungwa zamani. Treni imebaki na abiria na magunia, ambao hawakuwa sababu ya kuijenga.

Lakini sifa kuu ya kura ni kwamba haina mshitakiwa. Shimo likitoka kavu, mtaalamu angehamishwa. Mikono yote ile utaihamishia wapi? Na shimo kavu si hasara: ni ajenda ya mkutano ujao, ambao kwa kawaida hauzidi miezi mitatu. Tayari kuna aliyependekeza lichimbwe zaidi, na hoja imeungwa mkono. Mita ngapi, tutapiga kura.