Moshi wa Shangazi

Simu yangu ilisema anga ni shwari. Kosa langu ni kutoiuliza shwari ya wapi. Kumbe ilikuwa inanisomea hali ya hewa ya Mbeya mjini, kule juu mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mpunga wangu uko Mbarali, chini kwenye bonde la Usangu, na upepo wa huku hausomi simu.

Nilikuwa nimekodi droni ya kupulizia dawa ya magugu. Miaka yote nimebeba bomba mgongoni, nikiburuza miguu kwenye tope la majaruba kama bata mgonjwa. Safari hii nikasema nami nistaarabike. Tulipatana na kijana wa droni aje saa 12 asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Pikipiki yake ikakwama njiani, akafika saa 5. Jua limeshapanda, ardhi imepata moto, upepo umeamka.

Shangazi, ambaye bustani yake imepakana na jaruba langu la mwisho, alikuwa anachochea maharage.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Moshi wangu umelalia mchicha. Hilo dude lenu litaruka kweli?"

Nikamwonyesha simu. Akaitazama kama chungu kilichopasuka.

Droni ikanyanyuka na lita zake 10, ikayumba kama mlevi anayetafuta mlango wake. Matone yake madogo kama umande hayakushuka. Yakafuata njia ileile ya moshi. Tenki lilipofika nusu ndipo kijana akakumbuka kupima upepo: mita 7 kwa sekunde. "Ikivuka 5 huwa tunasimama," akaniambia kwa upole.

Dawa yenyewe ilikuwa 2,4-D. Hiyo huua magugu ya majani mapana na kuuacha mpunga, kwa kuwa mpunga ni jamaa ya nyasi. Mchicha hauna undugu huo, wala maboga. Siku chache baadaye bustani nzima ilikuwa imejikunja kama mtu mwenye tumbo la kukata. Tukang'oa yote, hailiwi tena. Magugu yangu yakaendelea kunawiri.

Siku hizi, kabla ya kumpigia kijana, naanzia jikoni kwa shangazi alfajiri. Moshi ukiinamia bustani, naahirisha. Ukipanda kidogo kisha ukatanda chini kama shuka, naahirisha pia, maana matone yataelea vivyo hivyo. Ukielekea taratibu upande wangu, kazi ianze.

Ada ya utabiri ni fungu moja la mchicha, na sharti nikaununue sokoni.