Goti la Bibi na Harrier Tatu

Vita vya nyumba yetu vilianzia kwenye goti la kulia la mavyaa wangu. Kila mwezi lazima afike kliniki Mnazi Mmoja, na kutoka kwetu Kizimkazi Dimbani mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 50: Muyuni, Kitogani, msitu wa Jozani na matuta yake yaliyowekwa kuwanusuru kima punju, Tunguu, kisha foleni ya Mwanakwerekwe. Gari yetu ndogo ya zamani ilikuwa chini mno. Bibi, kama watoto wanavyomwita na mimi nikawafuata, alikuwa akiingia kwa kujiachia na kutoka kwa kuvutwa na watu wawili, buibui limenasa mlangoni. Siku moja, mbele ya lango la hospitali, akagoma kushuka. Akasema hatoki mpaka apewe ahadi.

Ahadi aliitoa mwanawe, baba watoto, palepale barabarani huku madereva wa nyuma wakipiga honi. Tutanunua gari ya kupanda, akasema.

"Sikusema kupanda," Bibi akamjibu. "Humu nachutama, kwenye daladala napanda. Mimi nataka gari ya kuketi."

Sijasikia muuzaji yeyote akiieleza vizuri zaidi. Ndiyo hasa fikra iliyoizaa Harrier mwezi Disemba 1997: Toyota walichukua umbo la chini la Camry, saluni ya kuketi, wakalinyanyua na kulivika bodi ndefu ya gari ya shamba. Kabla ya gari za namna hii, aliyetaka gari ya juu alipata yenye chesisi ya lori, na mtikisiko wake. Gari za namna hii, Harrier, RAV4, X-Trail, CR-V na Forester, zimejaa Unguja kwa sababu zinabeba familia nzima bila kumtupa mzee kila penye shimo.

Pesa zilikuwa za aina tatu. Mimi nilikuwa na zamu yangu ya upatu, baba watoto alikuwa na akiba ya boti yake inayopeleka wageni kuangalia pomboo, na ami yake aliyeko Muscat aliahidi kujazia. Wenye pesa watatu, basi kauli tatu, na watoto wakaongeza zao.

Baba watoto alitaka Harrier ya kizazi cha pili, ile iliyotoka 2003, ambayo mitaani inaitwa tako la nyani. Mtoto wetu wa kiume hakutaka kusikia. Yeye alitaka anaconda, kizazi cha tatu cha mwishoni mwa 2013, taa nyembamba, dashibodi imeshonwa kwa uzi. Ami naye alipiga simu kutoka Muscat kusema tusihangaike na gari za Japani, yeye ana Lexus RX na atatutafutia kama hiyo, maana ni gari moja. Kwa vizazi viwili vya kwanza anasema kweli: Harrier iliyouzwa Japani ndiyo iliyouzwa nje kwa jina la Lexus RX. Zilitengana baadaye, na ile ya 2013 ilijengwa juu ya umbo la RAV4. Lakini RX ya Muscat ina usukani kushoto, kwa kuwa Oman wanaendesha kulia. Ukiwa nyuma ya lori la mchanga pale Jozani, barabara imebanwa na miti, dereva wa usukani wa kushoto hawezi kuona mbele mpaka gari nzima iwe imeshatoka upande wa pili. Nilimwambia baba watoto kwamba mama yake hapandi gari hiyo nikiwa hai. Simu ya Muscat ikanyamaza kwa muda, na pesa nazo zikanyamaza.

Shemeji yangu akaleta kauli ya nne. Alikuja na X-Trail ya rafiki yake, kizazi cha kwanza, cha kuanzia mwaka 2000, mraba kama kabati. Bibi aliipenda kwa jambo ambalo hakuna mwanamme aliyelitaja: saa za mwendo na mafuta hazikuwekwa mbele ya dereva, ziko katikati ya dashibodi, kila mtu anaziona. "Hapa hakuna wa kunidanganya anakwenda pole," akasema. Kizazi kilichofuata, cha 2007, kilizirudisha mbele ya dereva, na naona Nissan walimnyang'anya Bibi haki yake.

Mtihani ulifanyika uani kwetu, na aliyesahihisha ni goti. Nililoliona siku hizo sikulisoma popote. Gari si lazima iwe juu. Kinachotakiwa ni kiti kiwe sawa na nyonga ya mzee akiwa amesimama. Hapo anageuka mgongo, anaketi, halafu anaingiza miguu mmoja baada ya mwingine. Kiti kikiwa chini ya hapo goti linabeba mwili wote, na kikizidi anatafuta ngazi. Kizingiti cha mlango kiwe chembamba. Mlango wa nyuma ufunguke wazi hasa, usiishie nusu. Juu pawe na mshikio. Ningemshauri yeyote anayemnunulia mzazi wake gari aende na mzazi huyo, na mzazi avae nguo anazovaa kila siku, kwa sababu buibui na kanga zina hesabu yao mlangoni.

Anaconda ya jamaa mmoja wa Makunduchi ilipita vizuri kwenye kiti. Nitakuwa mkweli, ndani yake kuna utulivu mzuri, na injini yake ya cc 1,986 hunywa mafuta kidogo kuliko ile ya cc 2,362 ya kizazi cha pili. Breki ya mkono imekuwa kitufe. Mwanangu alikuwa na hoja. Lakini kioo cha nyuma kimepanda na kusinyaa, na Bibi, akiwa ameketi, alikuwa anaona mawingu tu. "Sasa watu nitawasalimiaje?" Watoto walicheka, mimi sikucheka. Mtu aliyezoea kutoa salamu toka Dimbani hadi Kufile hawezi kufungiwa kwenye gari asimoonana na watu. Isitoshe kichefuchefu humpata upesi asiyeona njia. Ya kizazi cha nne, ya mwaka 2020, hatukuijadili hata kidogo, kwa bei yake.

X-Trail ilirudi kwa mwenyewe, ikabaki tako la nyani. Dalali alikuja nayo Jumapili baada ya Alasiri, nyeupe, imepigwa shampoo, akaapa kwamba inavutwa na magurudumu yote manne. Bibi akageuka, akaketi, akaingiza miguu, akatulia. Gari ikawashwa, na sauti ya mwanamke wa Kijapani ikasema maneno marefu. Ni kile kifaa cha kulipia njia kuu za kwao, hulalamika kila ukiwasha kwamba kadi haimo. Bibi akaitikia kwa adabu. Redio ikakataa kushika stesheni zetu nyingi, kwa kuwa FM ya Japani huanzia 76 na za zamani huishia 90, na sisi huku tunakwenda mpaka 108. Dalali akasema kuna kidude cha kufunga nyuma ya redio, jambo dogo.

Baba watoto akataka kuijaribu pale gari zetu zinapofanya kazi, pwani. Maji yalikuwa yamekupwa. Mashine ya boti yake ilikuwa mchangani inasubiri kupelekwa kwa fundi, na yeye akasema gari ya magurudumu manne itaifuata hukohuko. Nilimwomba Bibi ashuke kwanza. Akakataa, ameketi vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, hashuki kwa ajili ya mashine.

Wakateremka. Mchanga wa juu ulikuwa mgumu, ukawapa moyo. Mchanga wa chini ukaimeza gari mpaka kwenye rimu za mbele. Baba watoto akakanyaga mafuta, ikazama zaidi. Na zilikuwa siku za bamvu, maji yanapopanda kwetu hupanda kwa karibu mita nne, na hayamsubiri mtu. Nilikimbia na kanga moja. Binti yetu wa pili, ambaye katika mabishano yote yale hakuwa amefungua mdomo, alikuwa amechutama ubavuni mwa gari.

"Baba, tairi za nyuma hazizunguki."

Hakuna aliyemsikiliza, maji yalikuwa yameshaanza kuingia kwenye vidimbwi. Wavuvi waliokuwa wanapara samaki waliacha visu, wakaja na kamba ya nanga. Mmoja wao, mtu mzima, akazuia watu wasisukume. Akapunguza upepo kwenye tairi zote nne mpaka zikatanuka, akaweka mbao na makuti nyuma ya tairi za mbele, akafunga kamba kwenye ringi ya kuvutia upande wa nyuma, akamwambia baba watoto atie rivasi bila kukanyaga kwa nguvu. Bibi akaombwa ashuke apunguze uzito. Akajitazama, akayatazama maji, akasema goti lake haliwezi mchanga, wavute tu, na yeye atasoma. Alisoma kwa sauti dirishani, na kila alipovuta pumzi wanaume walivuta kamba. Maji yalikuwa yameshagusa vitovu vya magurudumu gari ilipotoka. Haikutoka kwa ushujaa, ilitoka kwa shubiri, kila mara shubiri moja.

Usiku ule hatukulala. Kando ya kijiji chetu upo ule msikiti wa kale wenye mihrabu ya maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na matumbawe yake yamekaa na hewa hii ya chumvi kwa karne na karne. Bati la gari haliwezi hata miaka michache. Tulipokezana ndoo na mpira wa maji baridi, chini ya gari, kwenye diski za breki, ndani ya matao ya tairi, kwenye kila kona ambayo mchanga hujificha. Gari haikuwa yetu, kwa hiyo tuliiosha kwa bidii zaidi.

Ni wakati huo, boneti ikiwa wazi na mimi nimeshika tochi, binti yetu alipolisoma lile bati dogo la modeli kwenye ukuta wa injini: ACU30W. Akatafuta kwenye simu yake, akatuonyesha. Harrier za Toyota zinajitaja zenyewe. Namba ikiishia na 0, gari inavutwa na magurudumu mawili ya mbele. Ikiishia na 5, ni manne. Kizazi cha pili ni ACU30 na ACU35, cha tatu ZSU60 na ZSU65, cha nne MXUA80 na MXUA85. Tarakimu moja tu, na ilikuwa imeandikwa pale tangu gari itoke kiwandani.

Dalali alikuja asubuhi, akasema naye aliambiwa hivyo na aliyempa. Mambo yalimalizwa barazani na wazee baada ya Isha. Sisi tukalipa kazi ya breki na kupaka grisi upya, naye akaacha kudai zaidi. Nilimtetea baba watoto mbele ya wazee hao. Aliambiwa ni manne akaiendesha kama manne.

Baada ya hapo uchaguzi ukahamia mikononi mwa binti, na hakuna aliyepinga. Alikwenda na baba yake kwa fundi mmoja mjini, akarudi na daftari. Injini ya cc 2,362 ina cheni, haihitaji mkanda wa taimingi. Ile ya silinda sita ya lita 3 ina mkanda, na Japani huubadilisha kwenye kilomita 100,000, basi tafuta stika yake ndani ya boneti. Za lita 2.4 za miaka ya mwanzo zimewahi kulegea bolti za silinda hedi upande wa nyuma, ukaguzi wake ni kuangalia maji ya rejeta kama yanapungua bila sababu. Za miaka ya baadaye baadhi hula oili, basi vuta stiki mwenyewe, utazame na moshi. Na uulize gari imetoka mnada gani. Zile za kaskazini, Hokkaido, zimepita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, zinakuja kwetu zikiwa zimeshaanza kuliwa.

Tuliipata Fuoni, kwa mwalimu aliyeiagiza mwenyewe na kuitunza pamoja na karatasi yake ya mnada. Binti aliisoma karatasi ile kabla hajaiangalia gari: herufi S ni kutu ya juu, C ni kutu iliyokula, A mkwaruzo, U bonde, W bati lililonyooshwa. Ilikuwa na A mbili na U moja, chini hakuna C, na mnada ulikuwa wa Nagoya. Akafungua boneti. ACU35W. Ndipo akaniita nimlete Bibi, aliyekuwa anasubiri kwa jirani na goti lake, na goti likatoa idhini.

Ami wa Muscat alijazia, baada ya kutumiwa picha ya shemeji yake, Bibi, ameketi. Mwanangu bado anaizungumzia anaconda, nami nimemwambia atakapooa amnunulie mkewe. Kidude cha redio kimefungwa. Ijumaa jioni gari inaoshwa chini kwa maji baridi, hata kama haikutoka, na hilo silijadili na mtu.

Mgogoro mpya ni wa kiti cha mbele. Habari zimefika kijiji jirani cha Mkunguni kwamba kuna gari ya kuketi, na siku ya kliniki sasa tunaondoka alfajiri na wazee wengine wawili, kila mmoja na kadi yake ya hospitali na goti lake. Bibi amepanga zamu, lakini zamu yake mwenyewe inarudi upesi mno, na jana shoga yake alikuja kunishitakia mimi.