Mashauri kwa Waliosumbuliwa na Mbwa wa Senema

Safu hii, ambayo kwa desturi hushughulika na mirathi, mahari, na majirani wapigao redio usiku wa manane, imepokea mwezi huu barua nyingi zenye jambo moja, nalo ni mbwa wa kwenye senema. Aghalabu walioziandika ni watu walioketi kwa nia njema kutazama kichekesho na jamaa zao, wakainuka wakiwa na mashaka ambayo hawakuketi nayo. Kwa uchache wa nafasi tunajibu tatu.

*Bwana Mshauri,*
*Wanangu wametazama senema iitwayo Beethoven, na tangu siku hiyo wanataka mbwa mkubwa kama yule, alale nasi ndani. Mama yao amekwisha kujiunga nao. Nifanyeje?*
*Baba Aliyezingirwa, Tanga*

Ndugu yetu, pokea salamu na pole. Senema hiyo, iliyotolewa Marekani mwaka 1992, yaeleza habari za George Newton, mwenye kampuni ya manukato ya kusafishia hewa. Nasi hatuna shaka kwamba watunzi walimchagulia biashara hiyo kwa makusudi, ili mtu apataye riziki yake kwa harufu nzuri aletewe mnyama mkubwa anukaye kuliko wote. Kitoto cha mbwa kilichowaponyoka wezi kilipenya nyumbani mwake asubuhi, watoto wakakikumbatia, naye baba akatamka kuwa kitakaa mpaka mwenyewe apatikane; maneno hayo yaweke akilini, maana ndiyo utakayoyasema wewe. Mbwa akakua, akajikung'uta tope katika chumba cha kulala, na siku walipokuja wageni wa biashara akaizungusha kamba yake miguuni mwa viti vyao, kisha akatimka mbio, wao wakimfuata nyuma bila ya ridhaa yao.

Sasa tuitazame hali yako. Asili ya mbwa wa aina ile ni milima ya Uswisi, katika njia ya Great St. Bernard, zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, ambako watawa waliwafuga ili wawaokoe wasafiri waliopotea thelujini. Mmoja wao, Barry, husimuliwa kuwa aliokoa watu zaidi ya 40 mwanzoni mwa karne ya 19. Hatujapata kusikia msafiri aliyefukiwa na theluji katika barabara ya Pangani, na joto la kaskazi litamtesa bure kiumbe ambaye uzito wake waweza kufika kilo 80. Fauka ya hayo, mate yake hayakatiki. Na maadamu sisi wa madhehebu ya Shafii tumefunzwa kuosha mara saba kilambwacho na mbwa, mara moja kwa udongo, fanya hesabu ya udongo utakaohitajiwa kwa wiki, uone kama shamba lako litabaki.

Ikiwa nyumba yataka mlinzi, mfuge mbwa wa kienyeji, akae uani, ale ashibe. Ama watoto, waulize kwa upole ni mahali gani walipocheka zaidi, nao watakujibu kuwa ni pale baba aliposhindwa. Basi jioni mojamoja wape nafasi wakushinde katika jambo dogo. Gharama yake ni nafuu kuliko nyama.

*Bwana Mshauri,*
*Mume wangu, ambaye hakudondosha hata chozi moja katika matanga ya mama yangu mzazi, amelia kwa kwikwi mbele ya watoto kwa kufa mbwa katika Marley & Me, senema ambayo aliyetuuzia alituapia kuwa ni kichekesho. Nilichukulieje jambo hili?*
*Niliyedhulumika, Mombasa*

Dada yetu, aliyewauzia hakusema uwongo, ila hakuimaliza kweli. Senema hiyo ya mwaka 2008 huchekesha kwa muda mrefu: mbwa afukuzwa katika darasa la adabu, mbwa ameza mkufu ambao bibi wa nyumba ametunukiwa na mumewe, na jamaa wabaki wakimngoja autoe kwa njia ambayo staha ya safu hii haituruhusu kuieleza. Bwana wake ni mwandishi wa safu ya gazeti, naye akikosa la kuandika huandika habari za mbwa huyo, bahati ambayo sisi twamhusudu. Kisha mbwa azeeka, na kicheko chageuka kilio.

Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno, na yamkini mumeo alipokaa matangani alikuwa bado akijibu moyoni maswali aliyopata kuulizwa naye juu ya salio la mahari. Marley hakumdai mtu kitu. Usimsute. Siku ya kumbukumbu yake mwakani andaa dua ya mama, umketishe karibu nawe, na leso iwepo.

*Bwana Mshauri,*
*Mimi ni mtunzi chipukizi wa picha, nataka kutengeneza kichekesho cha mbwa kipenzi. Ninaye koko mmoja mwerevu, lakini wenzangu wasema mbwa wa senema sharti awe wa nasaba.*
*Mwenye Ndoto, Dar es Salaam*

Kijana wetu, nasaba isikutishe. Benji, mbwa wa senema aliyewaliza na kuwachekesha Wamarekani mwaka 1974, aliigizwa na Higgins, koko mzee ambaye mwalimu wake, Frank Inn, alimtoa katika makao ya wanyama waliotupwa huko Burbank, California. Hata Lassie wa mwaka 1943, jike mashuhuri, aliigizwa na dume aitwaye Pal. Na yale macho ya huba ambayo mbwa humtazamia mwigizaji, mara nyingi huelekezwa kwa mwalimu aliyesimama nyuma ya kamera na kipande cha chakula mkononi.

Taabu yako iko kwingine. Senema za jina la Beethoven zilifika nane, ya mwisho mwaka 2014, lakini Charles Grodin alikuwa baba katika mbili za kwanza tu, nazo ndizo zikumbukwazo. Mbwa yeyote aweza kuchafua zulia; zulia lenyewe halichekeshi, huchekesha uso wa aliyelilipia. Basi mtafute kwanza mwigizaji awezaye kutazama hasara yake kwa utulivu, bila ya kukenua meno, na kulainika kidogo kidogo hata asijue ni lini alilainika. Ukimpata, mlipe zaidi ya mbwa, kwa sababu kazi yake ni ngumu zaidi.