Karavani Haipandi Mgeta

Kabla ya kuipima karavani, ipime barabara. Toka Msamvu, Morogoro mjini, kwa njia ya Iringa, ukifika Sangasanga iache barabara kuu, pita Mlali, kisha anza kuupanda Uluguru kuelekea Mgeta, kwenye vijiji vya Langali na Nyandira. Huko kuna kona ambazo upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni hewa tupu, na mbele yako inashuka Fuso iliyoshiba kabichi hadi juu ya bodi. Dereva wa Fuso hawezi kurudi kinyumenyume na mzigo ule. Utakayerudi ni wewe. Na tela refu lina tabia zake: ukikata usukani kulia, mkia unakwenda kushoto; ukihangaika kulinyoosha linajikunja zaidi, hadi karavani inakingama barabarani kama ng'ombe aliyegoma, na nyuma yako kuna bodaboda zinazopiga honi na wanafunzi wanaotoa ushauri bure.

Karavani si nyingi nchini mwetu. Nyingine huja zikivutwa kutoka Afrika Kusini. Zinaingilia Tunduma, zinapita Mbeya na Iringa, zinakatisha Hifadhi ya Mikumi, na zikifika Morogoro mwenyewe anainua macho, anauona Uluguru umejifunika mawingu, na roho inamtuma alale kule juu. Ana haki ya kutaka. Ila nyumba aliyoivuta itabaki bondeni, naye atabaki nayo, akiutazama mlima kupitia dirishani. Mwongozo huu ni wake, na ni wa yeyote mwenye nyumba kubwa kuliko njia anayotaka kuipita. Dawa yake ni kitela cha chozi: kijumba cha magurudumu mawili, mgongo wa mviringo unaoteremka kwa nyuma, kitanda ndani, jiko chini ya mfuniko wa nyuma. Wamarekani walianza kuvitengeneza miaka ya 1930, na mpaka leo havijapata mpinzani.

Usione aibu, hutakuwa wa kwanza kufika Morogoro na gari lisilofaa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita hapa akimtafuta Livingstone. Mji uliitwa Simbamwene, ngome aliyoijenga mtawala Kisabengo, na wakati huo aliyetawala alikuwa binti yake. Stanley alikuwa ametengenezesha kigari chembamba cha kukokotwa na punda, akipiga hesabu kwamba punda mmoja angevuta mzigo wa wapagazi wanne. Kigari kikawachelewesha watu njiani, hadi siku moja akakiona kinakuja juu ya kichwa cha mpagazi: magurudumu, bodi, ekseli, vyote. Mpagazi alikuwa ameamua kwamba kukibeba ni rahisi kuliko kukivuta. Kikasukumwa kwenye matete, kikaachwa huko. Mimi namheshimu mpagazi yule kuliko wasafiri wengi walioandika vitabu, kwa sababu ndiye aliyefanya hesabu sahihi.

Basi chukua kipimo chake. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kila atakayesafiri nawe apewe frasila mbili, nguo, vyombo na kila kitu, ukiacha godoro na maji. Tandika mkeka uani, mwaga vilivyomo ndani ya karavani, kisha kaa mbali kidogo uvitazame. Kochi liende. Televisheni iende, na waya zake. Sahani za udongo za watu wanane ziende, maana hamko wanane, na mkifika wanane mtakuwa mmealikwa kwa mtu mwenye sahani zake. Mtungi mkubwa wa gesi ubadilishwe kwa ule wa kilo 6. Turubai libaki! Hilo msibishane. Pepo zinazotoka Bahari ya Hindi huugonga Uluguru kwa upande wa mashariki kwanza, ndiyo maana Kinole, Mkuyuni na Matombo hunyeshewa hadi migomba inacheka. Ukiwa na kitela kidogo, turubai lililofungwa vizuri ndilo sebule yako.

Friji ndilo litakaloleta kesi nyumbani. Jibu lake ni Nyandira yenyewe: karoti, njegere na kabichi zinatoka shambani asubuhi hiyo hiyo, na usiku wa Juni na Julai baridi ya kule itayatunza maziwa yako bila kudai umeme.

Sasa mtafute fundi. Huna haja ya kuagiza ng'ambo, Morogoro ina mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza matela kila wiki. Mwambie kitela cha futi nne kwa nane, kimo futi nne. Vipimo hivi vina sababu: plaiwudi huuzwa futi nne kwa nane, kwa hiyo sakafu ni ubao mmoja usiokatwa, na kuta za ubavuni zinatoka kwenye mbao mbili, kila ukuta ubao wake. Godoro la nne kwa sita linaingia, na futi mbili zinazobaki nyuma ndizo jiko. Magurudumu yawe ya saizi moja na ya gari lako, idadi ya natiboliti ile ile, ili tairi moja ya akiba itumikie vyote viwili. Chini kitela kiinuliwe vya kutosha kuvuka makorongo. Milango iwe miwili, kila ubavu mmoja, la sivyo anayelala ndani atamruka mwenzake kila akitaka kutoka, na ndoa zimevunjika kwa madogo kuliko hayo.

Na matundu ya hewa. Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Fundi atataka kuyaacha kwa sababu mvua itaingia. Wewe ng'ang'ania yawekwe, mawili, moja juu na moja chini, yenye vifuniko vya kuzuia mvua lakini yasiyoziba. Baridi ya Mgeta itakushawishi uingize jiko la mkaa ndani upate joto. Usiliingize, hata kwa dakika tano, hata mkaa ukiwa umekwisha kuwa mwekundu na hautoi moshi. Gesi inayoua haina rangi wala harufu, na kijumba cha futi nne kwa nane kinajaa upesi mno. Ongeza blanketi. Vaeni soksi. Laleni karibu karibu.

Choo kimebaki nje ya mchoro, nawe umekwisha kuliona hilo. Maji pia, zaidi ya dumu la lita 20. Sehemu ya kuketi haipo. Wauzaji wa karavani wangekuambia hizo ni kasoro. Mimi nazihesabu kuwa ndiyo faida kubwa ya kitela hiki. Mwenye karavani anafika kijijini akiwa na kila kitu, anafunga mlango, anaondoka asubuhi bila kumjua mtu. Wewe utalazimika kupiga hodi.

Piga hodi kwa utaratibu. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, ujitambulishe. Akikuonyesha uwanja, uliza ni wa nani, na usiridhike na idhini ya mwanamume wa kwanza aliyesimama karibu. Waluguru wanafuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hupitia huko. Yule baba mchangamfu anayekukaribisha huenda ni mume aliyekuja ukweni, na mwenye neno la mwisho ni bibi aliyeketi barazani akipukuchua maharage. Mwendee.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Humo mnalala watu au kuku?”

Mjibu kweli, mfungulie mlango aone. Atacheka, atawaita majirani waje kuona, na mkimaliza kucheka utakuwa umepata uwanja, njia ya kwenda chooni, na mtu wa kukuambia mvua itashuka upande gani. Peleka sukari au sabuni, kama unavyokwenda kwa watu wako. Wala usigeuze jiko lako la nyuma kuwa kisingizio cha kukataa ugali ukikaribishwa.

Msituni kitela hakiingii, na kisiingie. Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Chukua kibali Morogoro mjini, tafuta mwongozaji, uache tela kijijini na uende kwa miguu. Uwanda wa Lukwangule uko juu ya mita 2,400, na kilele cha Kimhandu kinapita 2,600. Humo kuna ndege wasioishi popote pengine duniani. Usioshe sufuria kwenye vijito: maji ya milima hii huingia Mto Ruvu, na Dar es Salaam inayanywa.

Imebaki karavani. Usiiache ioze uani. Ina sinki, ina meza, ina dirisha pana la pembeni, ina jiko la plati mbili. Kwa mtu wa chipsi pale Kihonda, Morogoro, hiyo ni biashara iliyokwisha jengwa. Mtoze bei ya haki, mnyanyulie juu ya matofali, mkague nyaya za umeme pamoja. Na friji mwachie, soda zake zinalihitaji.