Hitima, Paka na Kikoi cha Mjomba

Hadi asubuhi ya hitima ya nyanya yetu, Mama Mkubwa alikuwa hajatoa hata chozi moja. Yeye ndiye aliyemuuguza mama yake mpaka pumzi ya mwisho, akamwosha kwa mikono yake, kisha akajifunga leso kiunoni na kuanza kupokea wageni, kuhesabu sahani na kutuma watoto maji. Sisi wengine tulikuwa tumelia tukachoka. Sasa tulikuwa tukimhofia yeye.

Alfajiri mkokoteni ulileta gunia la vitunguu kutoka soko la Marikiti. Nyumba yetu ya mtaa wa Kibokoni ina ngazi nyembamba, anayepanda sharti ampishe anayeshuka, kwa hivyo mapishi yote yalifanyiwa uani. Wanawake tukaketi mikekani, kila mtu na kisu chake, tukamenya na kukata. Haukupita muda ua mzima ukawa unabubujikwa na machozi. Kitunguu kikikatwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani yake hukutana na dutu yenye salfa, ikatoka hewa inayochoma jicho, nalo jicho hujiosha. Mama Mkubwa naye yalimtiririka hadi kidevuni. Nilimtazama kwa karibu: kifua kimetulia, midomo imekazwa, vidole vinakata vipande vyembamba vinavyolingana. Macho yalikuwa yakilia peke yao.

Ndipo paka akaingia. Aliruka juu ya beseni la nyama iliyokwisha tiwa viungo, akanyakua kipande cha ubavu na kutimkia ngazini. Mjomba, ambaye tangu maziko alikuwa akisema kwa kunong'ona tu, alipiga ukelele, akakamata mwiko wa biriani na kumfuata. Kwenye kona ya ngazi kikoi kikanaswa na msumari. Mjomba akaendelea kupanda, kikoi kikabaki. Mara akatokeza kwenye roshani ya juu, mwiko hewani, kaptura ya buluu kiunoni, akimwapiza paka kwa sauti iliyosikika mtaa wa pili.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama Mkubwa. Kisu kilimdondoka, akajishika mbavu, akaegemea rundo la maganda. Kila alipojaribu kusema, "Kaka, kikoi chako," maneno yalimkatikia njiani. Kicheko kikatupitia sote kama moto wa makuti. Jirani mmoja aliyekuja kutupa pole akasimama mlangoni, uso umekunjamana. "Hamwoni haya? Udongo wa kaburi haujakauka!"

"Waache," akajibu nyanya mdogo, ndugu wa marehemu. "Isome Surat An-Najm. Kucheka na kulia, vyote vyatoka kwa Mola mmoja."

Hapo sauti ya Mama Mkubwa ilikuwa imeanza kubadilika. Pumzi zilizokuwa zikitoka kwa vishindo vifupi zikaanza kuingia kwa kwikwi. "Mama angemcheka huyu," alisema, na palepale akalia, kilio tulichokuwa tukimwombea. Mama yangu alimpakata na hakumwachia mpaka sufuria zote zilipoinjikwa.

Aliyoyaona Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu hisia za binadamu na wanyama, ndiyo niliyoyaona uani kwetu: uso uliolowa baada ya kicheko kikubwa haupambanuki kwa urahisi na uso uliotoka kulia kwa uchungu. Misuli mingi ya uso na kifua inayofanya kazi ni ile ile. Na hapa Afrika Mashariki tunacho kisa cha Kashasha, karibu na Bukoba. Januari 1962 wasichana watatu wa shule walianza kucheka bila kujizuia, na hali hiyo ikaenea hadi ikawapata wanafunzi 95 kati ya 159. Walicheka, wakalia, wakacheka tena, hata shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Walipopimwa hawakukutwa na maradhi ya mwili. Wengi wanaokitaja kisa hicho hukifanya kichekesho, nami kinaniuma, kwa sababu nawaona watoto waliolemewa na jambo ambalo hawakuwa na njia nyingine ya kulitoa.

Anayejizuia kulia hukaza koo na kifua, na kadiri watu wanavyomtegemea ndivyo anavyozidi kukaza. Kicheko hakimwombi ruhusa. Humlegeza ghafla, na huzuni iliyokuwa nyuma yake hupata pa kupitia. Lakini humlegeza akiwa na watu. Lau Mama Mkubwa angekuwa peke yake, paka angefukuzwa, nyama ikaoshwa, na siku ikapita hivyo hivyo.

Kwa hiyo ukisikia kicheko matangani, usikimbilie kukinyamazisha. Na katika nyumba iliyofiwa mtafute yule anayeonekana mwenye nguvu kuliko wote, anayewahudumia wengine asipate nafasi ya kukaa. Kaa naye, ushike kazi pamoja naye, wala usiwe wa kwanza kuondoka.